Jiwe la Tisa la Nyashimba

"Mita mbili na nusu," Inspekta Modesta Chenge alisema, akauachia utepe wa kupimia ujikunje. "Pima wewe sasa."

Koplo Khalidi alichuchumaa, akapima kutoka kwenye ukingo wa majivu hadi kwenye alama ya chokaa iliyoonyesha mahali ulipolala mwili. "Mbili na nusu, afande. Kama mara ya kwanza na ya pili."

"Moto wa matairi matano. Wewe ungeusogelea kiasi hicho?"

"Mimi hata jiko la mke wangu nalisogelea kwa tahadhari."

Inspekta hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuuzunguka mwamba tena.

Ilikuwa saa mbili na robo ya asubuhi, siku ya Jumatano. Upepo wa ziwa ulikipanda kilima cha Nyashimba kwa mikupuo, ukayainua majivu, ukayatua, ukayainua tena. Upande wa mashariki daraja la Busisi lilionekana limenyooka juu ya maji. Kutoka machimboni, kando ya barabara, zilisikika nyundo za waponda kokoto, kila moja kwa mwendo wake. Inspekta Modesta alikuwa ametumwa na ofisi ya mkoa kulipitia jalada moja kabla halijafika mahakamani, naye alikuwa na muda wa hadi saa saba na nusu mchana.

Jalada lilieleza hivi. Siku ya Jumapili, alasiri, mtu aliwasha moto wa matairi mbele ya mwamba ambao wataalamu wa mambo ya kale waliuita Jiwe la Tisa, kwa kuwa ulikuwa wa tisa katika orodha yao ya miamba yenye michongo ya watu wa zamani sana. Uso wote wa mwamba ulibanduka, ukaanguka vipande vipande. Gamba moja la jiwe lilimkata shingo Luhende, mlinzi wa kilima, mzee wa miaka sabini na miwili, naye akafa palepale. Jumatatu asubuhi polisi wa kituo cha Ilundo walimkamata Ngosha, mwenyekiti wa waponda kokoto. Nyundo yake ilikutwa kando ya majivu, na matairi yalikuwa yametoka katika rundo la kikundi chake. Tena alikuwa na sababu. Siku ya Alhamisi, yaani kesho yake, jopo la wataalamu lilitarajiwa kutoka Dar es Salaam; kama lingeridhika na Jiwe la Tisa, kilima chote kingetangazwa kuwa hifadhi, na hakuna nyundo ambayo ingelia tena Nyashimba.

Shtaka lilikuwa la mauaji, na mauaji hayana dhamana. Inspekta alikwisha kuona wanaume wasio na hatia wakiingia mahabusu na ndevu nyeusi, wakatoka na nyeupe.

"Kila kitu kimo humu," Khalidi alisema, akiligonga jalada kwa kidole. "Bado mtuhumiwa kukiri tu."

"Dumu limo?"

Khalidi alifuata kidole cha Inspekta. Dumu la maji la njano, la lita ishirini, lilikuwa limebanwa kati ya mawe mawili, mdomo wazi, ubavu mmoja umeyeyuka. Alifungua ukurasa wa nne. "Limo. Wameliandika 'takataka'."

"Na ukuta ule?"

Khalidi alipekua. "Ukuta haumo."

Ulikuwa ukuta mdogo wa mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu, yaliyopangwa kwa uangalifu hadi kufika kiunoni, kati ya Jiwe la Tisa na mwamba wa jirani. Upande ulioelekea moto ulikuwa umejaa masizi. Upande wa pili ulikuwa safi kabisa. Nyuma ya ukuta, kwenye mwamba wa jirani, kulikuwa na duara mbili na mistari mitano, iliyochongwa kwa kugongwagongwa na jiwe jingine. Kando yake, ardhini, kilisimikwa kibati chenye namba nane.

"Sisi hatukuujenga," sauti ya mwanamke ilisema nyuma yao.

Dakta Evelina, kiongozi wa kazi ya kuiorodhesha michongo ya Nyashimba, alikuwa amepanda bila kusikika. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi chache na macho ya mtu ambaye hakulala. Walisalimiana. Hakuutazama mwamba uliobanduka.

"Jumamosi ukuta huu haukuwapo?" Inspekta aliuliza.

"Haukuwapo. Tulifunga kazi saa kumi, nami ndiye niliyeondoka wa mwisho. Jumapili hatupandi."

"Jiwe la Tisa lilikuwa na nini?"

"Ng'ombe watatu wenye pembe ndefu, na mtumbwi wenye watu saba. Hakuna michongo ya namna hiyo katika ufuko wote huu."

"Picha zake?"

"Zipo, lakini hazionyeshi kitu. Mchongo uliochakaa huonekana pale tu mwanga unapoupitia kwa ubavu, asubuhi au jioni. Uso wa mwamba huu umelala kidogo, tena uko chini ya kivuli cha ukingo wa juu; jua haliufikii hivyo wakati wowote. Kwa hiyo tulitegemea kuchora. Unatandaza nailoni angavu juu ya jiwe, unaibana kwa utepe wa gundi, kisha unafuatisha kila mchongo kwa kalamu ya wino, kwa ukubwa wake halisi. Karatasi ya tisa ndiyo iliyowafanya watu wa Dar es Salaam wakubali kuja."

"Nani aliyeichora?"

"Antoni, mchoraji wangu. Ana mkono ambao sijaona mfano wake."

"Nawe ulikuwapo?"

"Nilikuwa Dar es Salaam, nikifundisha. Niliporudi mwezi wa nane nikakuta amemaliza."

"Ukapanda kuja kuliona jiwe."

"Siku ileile."

"Ukauona mtumbwi."

Upepo ulimrushia Dakta Evelina majivu usoni, naye akayafuta polepole kuliko ilivyohitajika.

"Niliuona," alisema. Kisha akaongeza: "Lakini nilikuwa nimekwisha kuiona karatasi, Inspekta."

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa Mrakibu, mkuu wa kituo cha Ilundo.

"Umemaliza, Modesta?"

"Bado, afande."

"Gari la mahabusu linaondoka saa saba na nusu. Watu wa huku wamemzika mzee wao jana, wana hasira. Nisipompeleka mtu mahakamani leo, watanijia mimi."

"Umpeleke mtu, au umpeleke aliyefanya?"

"Saa saba na nusu," Mrakibu alisema, akakata.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa chini ya kilima, mwendo wa robo saa. Sabina, mjane wake, alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake wawili wa ukoo. Wageni walimwamkia, wakampa pole. Inspekta alikataa kiti alicholetewa. Alijua kwamba akikaa ataletewa uji, na uji una muda wake.

"Mama, naomba unieleze habari za Jumapili tu."

"Tulitoka kanisani," Sabina alisema. "Nilikuwa nimetoka kisimani, nimetua dumu hapo ulipo wewe. Akauona moshi. Hakuniambia kitu. Alilibeba lile dumu begani, akapanda nalo mbio. Mzee wa miaka sabini na miwili. Nikamwita: baba, acha, ni mawe tu yale. Akageuka akasema, lile silo jiwe tu."

"Lile?"

"Alisema lile. Nadhani moshi aliona unatokea wapi."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Na Ngosha. Wiki mbili zilizopita alimfukuza kilimani, wakatukanana hadi wakachoka. Jioni yake Ngosha akaleta samaki, wakala pamoja. Ndivyo walivyokuwa." Alivuta kanga yake. "Siku zake za mwisho alikuwa mtu wa kucheka tu. Alinifulisha shati lake jeupe kwa ajili ya wageni wa Alhamisi. Nikamwuliza, wewe mlinzi, shati jeupe la nini? Akasema, nina jambo la kuwaambia, watafurahi. Jambo lenyewe hakuniambia. Alisema mwanamke hawezi kukaa na kicheko siku nne."

Mmoja wa wanawake wa ukoo aliguna. Sabina mwenyewe alitaka kutabasamu, akashindwa.

"Kuna mtu mwingine aliyemwambia?"

"Labda yule kijana wa kuchora. Walikuwa wakipiga soga naye kila siku juu huko."

*

Ngosha aliletwa katika chumba cha maelezo cha kituo cha Ilundo saa nne na nusu. Alikuwa na mabega mapana na vumbi la mawe kwenye nyusi, ambalo siku tatu za mahabusu hazikuliondoa.

"Shikamoo, mama Inspekta."

"Marahaba. Kaa."

"Nimekaa siku tatu. Naomba nisimame."

"Simama. Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mkeo ameandikisha kwamba hukuwapo."

Ngosha alitazama dirisha. "Basi sikuwapo."

"Hilo peke yake litakuweka ndani miaka."

"Najua."

Inspekta hakulisukuma zaidi. Alitoa simu, akamwonyesha picha aliyoipiga asubuhi: majivu, mwamba, magamba ya jiwe. "Nieleze moto huu."

Ngosha aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, kisha akacheka kwa pua.

"Mnasema mimi ndiye niliyewasha hivi? Mama, mbona mnanivunjia heshima?"

"Kosa lake nini?"

"Sisi huchoma mgongo wa jiwe, hatuchomi uso. Unapanda juu, unagonga kwa nyundo, unasikiliza mahali linapolia tofauti. Pale ndipo penye mshono. Ukiweka moto pale, jiwe linafunguka lenyewe. Huyu ameweka moto usoni. Moto wa usoni huchuna ngozi tu, unapata magamba, na magamba hayajengi hata choo. Halafu kule juu! Kokoto za kule utazishusha kwa nini, kwa helikopta?"

"Kwa hiyo aliyewasha hakutaka kokoto."

"Huyu hakuwa akipasua, mama. Alikuwa akifuta."

Khalidi, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa.

"Na nyundo yako?" Inspekta aliuliza.

"Nyundo zetu hulala machimboni. Ina kilo saba. Nani ataibeba kwenda nayo kanisani? Kila mmoja anaijua ya mwenzake, haziibwi. Labda mgeni ndiye asiyejua kwamba mpini una mwenyewe."

"Luhende alikuwa na dumu la maji. Tumelikuta tupu."

Ngosha alikivuta kiti alichokikataa, akakaa.

"Aliyamwaga?"

"Alikuwa mita mbili na nusu kutoka kwenye moto. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya mvuke, daktari ameyaandika. Nilikuwa sijaelewa kwa nini."

"Jiwe lililoshika moto ukilimwagia maji linakurushia vipande. Sisi tukitaka kulizima tunakaa nyuma yake, na maji yanakwenda kwa kopo lililofungwa kwenye ncha ya mti mrefu. Mtoto wa machimboni anajua hilo kabla ya kujua kuhesabu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mzee yule alikuwa mchunga ng'ombe. Angelijulia wapi?"

Nje, dereva wa gari la mahabusu alikuwa akiujaribu mlango wake. Ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka.

"Sasa niambie ulikokuwa Jumapili," Inspekta alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna mponda kokoto mwingine humu."

Ngosha alimtazama Khalidi, akamtazama tena Inspekta. "Nilikuwa Igoma. Kuna mfyatua matofali mmoja, Salum, anatafuta msimamizi. Nilikwenda kuomba kazi. Mimi ndiye niliyewaapisha wenzangu kwamba hatuhami hapa hata kwa mtutu. Nimewaapisha, kisha nikatafuta mlango wangu peke yangu."

"Ungefungwa kwa aibu hiyo?"

"Aibu hiyo ina watu arobaini, mama."

Khalidi alipiga namba ya Salum aliyotajiwa. Haikupatikana. Alipiga tena, na tena. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

*

Kambi ya wataalamu ilikuwa nyumba ya kupanga pale Busisi, karibu na gati la zamani la kivuko, ambalo tangu daraja lifunguliwe lilikuwa limebaki na kuku. Sebuleni kulikuwa na meza kubwa iliyopakwa rangi ya buluu, na juu yake karatasi za nailoni zilizoviringishwa, tayari kwa ajili ya jopo.

"Nizione zote tisa," Inspekta alisema.

Dakta Evelina alizitandaza moja moja. Inspekta hakuinama kutazama picha. Alifumba macho, akapitisha ncha za vidole juu ya nailoni, akafuata mistari. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya tisa alirudi ya nane, kisha akaenda tena ya tisa.

"Khalidi, kata kipande kitupu. Kibandike kwenye ukuta wa nje, pale penye lipu ya mchanga. Chora mstari. Kisha chora mwingine hapa mezani."

Khalidi alifanya hivyo. Alikuwa angali nje, kalamu mkononi, sauti iliposema: "Unaiua ncha ya kalamu hiyo, koplo. Ukutani hushikwa kwa kulala."

Alikuwa Antoni, mchoraji: mwanamume wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, kucha zake zimeingiwa na wino. Aliingia na Khalidi, akawaamkia wote, akasimama karibu na mlango.

Inspekta aliviweka vipande viwili juu ya meza. Mstari wa ukutani ulikuwa umerukaruka, wino umekatika kila kalamu ilipokutana na chembe ya mchanga, na nailoni yenyewe ilikuwa na vipele vya kutoboka. Mstari wa mezani ulikuwa mtulivu kama uzi.

"Karatasi nane zina vipele," alisema. "Ya tisa ni laini. Antoni, karatasi ya tisa uliichora wapi?"

"Kilimani."

"Mwamba wa Nyashimba ukawa laini siku hiyo?"

Antoni alilamba midomo. "Hii ni nakala. Ya kwanza ilichafuka, nikainakili upya hapa mezani."

"Iko wapi ya kwanza?"

"Niliitupa."

"Hatutupi," Dakta Evelina alisema. Alikuwa bado ameishika karatasi ya tisa kwa pembe mbili. "Hatujaitupa hata ile iliyotafunwa na panya. Wewe ndiye uliyenigombeza mwaka jana nilipotaka kuitupa."

"Mama, nilisahau tu kukueleza."

"Ulisahau?"

"Sasa itasaidia nini?" Antoni aligeukia Inspekta, maneno yakamtoka haraka. "Jiwe limekwisha kuharibika. Hakuna mtu awezaye kuthibitisha kwamba mtumbwi haukuwapo."

Inspekta alivisogeza kando vipande vile viwili.

"Mimi nimekuuliza ulichorea wapi," alisema. "Habari za mtumbwi kutokuwapo umezileta wewe."

Khalidi alisogea, akasimama kati ya Antoni na mlango. Inspekta alimtamkia Antoni maneno ya onyo, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka: kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba atakalolisema litaandikwa na laweza kutumika kama ushahidi, kwamba anaweza kumwita wakili au ndugu. Antoni aliitikia kwa kichwa kila Inspekta alipomaliza sentensi.

"Nina swali moja," Inspekta alisema. "Mtu mmoja aliwasha moto Jumapili ili aharibu jiwe. Kabla hajauwasha, alibeba mawe thelathini na sita, nimeyahesabu, akajenga ukuta ili moto usiliguse jiwe la jirani. Mponda kokoto hafanyi hivyo, wala mlevi, wala mwenye chuki na kazi yenu. Kwa nini ulilikinga Jiwe la Nane?"

Antoni alitazama kucha zake.

"Kwa sababu la nane ni la kweli," alisema.

Dakta Evelina aliiachia karatasi. Ilijiviringisha yenyewe juu ya meza ya buluu.

"Endelea," Inspekta alisema.

"Miaka miwili tumechora duara na mistari. Mistari mitano na duara mbili haviwezi kuzuia lori, Inspekta. Kila mwezi machimbo yalipanda hatua kadhaa. Jiwe la pili na la tatu yalikuwa yamebakiza wiki chache. Niliwaandikia wakubwa mara nne. Nilipoupeleka mtumbwi wakajibu siku hiyohiyo." Alizungumza bila kumtazama Dakta Evelina. "Nilidhani watatosheka na karatasi. Halafu wakasema wanakuja kuliona jiwe lenyewe, na wanakuja na taa zao."

"Ukachukua nyundo."

"Ya kuvunjia masalia. Nilipoona uso wote umeanza kubanduka niliiacha palepale, nikashukia upande wa ziwa. Sikujua kwamba ina mwenyewe. Sikujua kwamba mzee atapanda. Sikumwona kabisa, naapa."

"Alipanda na dumu la maji ili auzime moto wako. Maji yalilipasua jiwe usoni pake."

Ilionekana kwamba Antoni hakuwa akijua habari za maji.

"Na Ngosha je?" Inspekta aliuliza. "Siku tatu."

"Nilidhani watamwachia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakufanya."

Khalidi alikohoa, akageuka kutazama ziwa dirishani.

Ilikuwa saa saba na dakika tano. Inspekta alimpigia Mrakibu, akamweleza kwa sentensi nne.

"Amekiri kwa mdomo?" Mrakibu aliuliza. Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa ikinguruma. "Modesta, kesho wakili wake atasema ulimtisha. Jiwe halipo. Nitumie kitu chenye saini kinachoonyesha kwamba karatasi yao ni ya uongo, la sivyo gari linaondoka kama nilivyosema."

Inspekta alikata kipande kikubwa cha nailoni, akakitandaza mezani, akaweka kalamu juu yake.

"Unajua jiwe hilo lilikuwa na nini," alimwambia Antoni. "Wewe peke yako uliyebaki. Hulazimiki. Lakini kule Ilundo kuna mtu anapandishwa garini kwa sababu ya mtumbwi wako."

Antoni hakuigusa kalamu. Dakika moja ilipita, ikaingia ya pili. Nje kuku mmoja aliruka juu ya dirisha, akachungulia, akashuka.

"Utanikosoa?" Antoni aliuliza, na swali halikuwa la Inspekta.

"Kama siku zote," Dakta Evelina alisema.

Antoni alivuta kiti, akakaa, akaanza. Alichora shimo dogo la mviringo, kisha la pili kando yake, la tatu, hadi yakatimia manane. Akashuka, akachora safu ya pili, ya tatu, na ya nne. Mashimo thelathini na mawili. Khalidi alikuwa wa kwanza kutambua.

"Hilo ni bao," alisema. "Bao la wachunga ng'ombe. Wasukuma wanaliita isolo."

"Alilichonga baba yake Luhende, kwa jiwe la mkononi, wakiwa malishoni," Antoni alisema, akiendelea kuweka vivuli vya kina. "Mashimo yalikuwa yamechakaa; bila mwanga wa ubavu yalionekana madoa tu. Mzee aliniambia siku ya kwanza nilipolitandazia nailoni. Nikamwomba asiseme. Alidhani nawaandalia wageni mzaha. Alisema Alhamisi atavaa shati jeupe awafundishe kucheza."

Aliweka mshale wa kaskazini na kipimo. Aliandika jina la kilima, namba ya jiwe, tarehe ya siku hiyo, na kwenye nafasi ya mchoraji akaandika jina lake kamili na kutia saini. Chini yake akaandika, bila kuambiwa, kwamba karatasi ya tisa iliyotangulia aliibuni yeye, na kwamba moto aliuwasha yeye. Dakta Evelina alitia saini kama shahidi. Inspekta alipiga picha, akaituma. Saa saba na dakika ishirini na nne.

Walisubiri. Inspekta alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani. Hatimaye simu ikatetemeka. Ujumbe wa Mrakibu ulikuwa na maneno matatu: *Ngosha ameteremshwa garini.*

Inspekta aliusoma kwa sauti. Khalidi alipumua, akatoa pingu kwa namna ya mtu anayeomba radhi. Lakini Antoni alikuwa ameishika kalamu tena, ameinama juu ya nailoni.

"Bado," alisema. "Kuna shimo moja nimeliacha."

Nje ya safu, kwenye pembe ya chini, alichora shimo moja lisilokamilika, dogo kuliko mengine yote, limepinda.

"Hilo alilianza Luhende mwenyewe. Alikuwa na miaka saba. Baba yake akamchapa kwa kuharibu safu. Alikuwa akilionyesha kila mara tulipopita pale, akicheka."

Dakta Evelina alizunguka meza, akasimama nyuma ya mchoraji wake, akavaa miwani.

"Kina chake?" aliuliza.

"Sentimita moja. Haifiki."

"Liandike."

Antoni akaliandika.